Bolti Nane, Si Saba



Leo nataka kusema neno juu ya kitu ambacho wengi wetu hupita mbele yake kila siku bila kukitazama. Karibu na pampu ya petroli, au katika chumba cha kuchanganyia rangi, au pale gesi inapojazwa kwenye mitungi, utaona sanduku zito la chuma lenye bolti nyingi kuliko zinavyoonekana kuwa na kazi. Ndani yake mna swichi tu. Watu hucheka, wanasema aliyelitengeneza alikuwa na bolti za kutupa. Mimi ni fundi wa stima wa miaka mingi, na sicheki tena.

Siku moja niliitwa katika kiwanda ambacho sitakitaja. Mota ya kuchanganya rangi ilikuwa imesimama. Chumba kilinuka thina hata macho yakatoka machozi. Nilipokwisha kuzima stima kule kwenye swichi kubwa, nikaja kulifungua sanduku. Matundu ya bolti yalikuwa nane, bolti zilikuwa tano. Katikati ya kifuniko na sanduku mtu alikuwa amebandika kipande cha raba ya tairi ya ndani, eti vumbi lisiingie. Na pale kebo inapoingia hapakuwa na glandi yake. Ilikuwa imebanwa kwa tambara na tepu. Nikamwita msimamizi aone. Akauliza, “Fundi, ukibadilisha swichi, mota itazunguka au haitazunguka?” Nikamwambia itazunguka. “Basi funga, kazi inangoja.”

Nataka kila mwanachama ajue kwa nini jibu lile lilikuwa la hatari, maana hata mafundi wengi hukosea hapa. Wanadhani sanduku lile limetengenezwa ili mvuke wa thina usiingie ndani. Sivyo. Mvuke huingia, na aliyelitengeneza alijua utaingia. Swichi ikipiga cheche, mvuke ule utalipuka humo humo ndani. Sanduku ni nene ili livumilie pigo hilo lisipasuke. Hewa ya moto itatafuta njia ya kutoka, na njia iliyopo ni ule ufa mwembamba kati ya kifuniko na sanduku, mwembamba kuliko milimita moja, kati ya chuma laini na chuma laini. Ikipita hapo hupoa, na ikifika nje haina nguvu ya kuwasha mvuke uliojaa chumbani. Hiyo ndiyo siri yote.

Sasa toa bolti moja. Kifuniko kitainuka kidogo upande ule, ufa utapanuka, na moto utatoka ukiwa mzima. Tia raba ambayo mtengenezaji hakuitia, njia ile ya kupoza haipo tena. Kwaruza ukingo kwa patasi wakati wa kufungua, ni vivyo hivyo. Sanduku la bolti saba ni sanduku la kawaida, tofauti yake ni uzito tu. Tena ni baya zaidi, kwa sababu lina alama ya Ex, na watu wanaliamini.

Joto nalo lina sheria yake. Taa yenye daraja T4 haitazidi digrii 135 juu ya uso wake. T6 haitazidi 85. Lakini vipimo hivyo ni vya taa safi yenye balbu yake. Tia balbu kubwa zaidi kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani, au acha vumbi la unga lirundikane juu yake kama blanketi, na hesabu ile imekufa. Wenzetu wa vinu wasifikiri maneno haya ni ya watu wa petroli peke yao. Tarehe 7 Februari 2008, katika kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, jimbo la Georgia huko Marekani, vumbi la sukari lililipuka na watu 14 wakafa. Sukari, ndugu zangu, ile ile ya chai.

Wala mahali pa hatari hapaishii ukutani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hushuka, hutambaa, huingia katika mitaro na mashimo ya kebo. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli iliyovuja ilifuata maji machafu mpaka kijiji cha Sinai, Nairobi, na watu zaidi ya 100 wakapotea. Kwa hiyo mtu akikuambia swichi yako iko nje ya mlango na haina neno, mwulize mtaro unapita wapi.

Matajiri husema vifaa hivi ni ghali. Ni kweli, ni ghali. Lakini tukumbuke Senghenydd, katika nchi ya Wales. Tarehe 14 Oktoba 1913 mgodi wa makaa ulilipuka, wachimbaji 439 wakafa, na mmoja katika waliokwenda kuwaokoa. Kilichoshukiwa ni cheche ya waya za kengele ya stima. Kengele tu! Baadaye meneja alitozwa faini ya pauni 24, na kampuni pauni 10. Watu wakahesabu faini ya meneja wakaona inafika shilingi moja na kitu kwa kila maiti. Hapa kwetu sheria ya fidia ya mwaka 2007 humpa aliyelemaa kabisa mapato ya miezi 96. Ni afadhali ya shilingi moja, lakini miezi 96 ni miaka minane. Mtoto aliyezaliwa mwaka huu atakuwa bado yuko shule ya msingi fedha hizo zikiisha.

Sheria ya usalama kazini, ya mwaka 2007 pia, inasema wazi kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa atamwarifu msimamizi wake, na tajiri hana ruhusa ya kumlazimisha arudi pale mpaka hatari iondolewe. Wala hawezi kumfukuza kwa sababu hiyo. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Maneno hayo ni mazuri. Lakini nani atayasimamia? Fundi kibarua wa siku moja, ambaye akikataa kuna wengine kumi langoni? Siku ile mimi nilikataa kufunga, na bolti tatu zilinunuliwa kabla ya jioni. Lakini nilikuwa na kadi ya chama mfukoni, na mwakilishi wetu alikuwa amesimama nyuma yangu. Ningekuwa peke yangu, sijui.

Kwa hiyo nasema jambo hili liingie katika mapatano yetu na waajiri, kando ya mshahara na likizo. Bolti, glandi na balbu za aina ile ile ziwekwe stoo kabla hazijahitajiwa. Asifungue sanduku mtu asiyefundishwa kazi hiyo, wala lisifunguliwe bila kibali cha maandishi na stima kuzimwa na kufungiwa kufuli, ufunguo ukae na fundi mwenyewe. Na kamati ipewe orodha ya kila sanduku.

Nasi tuna makosa yetu. Bolti zile tatu hazikuruka zenyewe. Yuko aliyezitoa akafungia baiskeli, na yuko anayevuta waya kutoka kwenye taa ili achaji simu pale pale penye mvuke. Tusimfiche huyo kwa kuwa ni mwenzetu.

Wanachama wa zamu ya usiku, ninyi ndio mnaokaa na masanduku hayo wakati meneja amelala. Anzeni kuhesabu wiki hii. Msifungue chochote, msiguse. Tazameni kwa macho tu, mwandike ni sanduku lipi na limepungukiwa bolti ngapi, mkampe katibu wa tawi karatasi hiyo kabla ya mkutano.