Mizani na Mgonjwa

Nilikuwa tabibu kijana nilipomwambia bibi mmoja, aliyekuwa akisumbuliwa na kufunga choo kwa miezi mingi, maneno niliyofundishwa: kula mboga, kunywa maji. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mboga ndiyo chakula changu cha kila siku. Na maji nayateka mwenyewe." Hakurudi tena. Sikuwa nimemwuliza lolote, hata dawa anazomeza. Aibu ile ninayo hadi leo.

Humkumbuka kila nisomapo wataalamu wakipima ubora wa miongozo ya tiba ya maradhi haya. Mizani yao mashuhuri, AGREE II, ina maswali 23 katika mafungu 6, na kila swali hupewa alama 1 hadi 7. Siibezi, bila mizani tungerudi kwenye kubahatisha. Inauliza ushahidi ulitafutwaje na kama mfadhili aliingilia kazi. Inauliza pia kama maoni ya wagonjwa yalitakwa, na kama gharama zilifikiriwa.

Ugomvi wangu ni na sisi tunaosoma alama hizo. Mwongozo ukipata alama za juu kwa ushahidi na kwa maelezo yaliyo wazi, lakini ukaanguka kwenye utekelezaji, bado tunausifu. Kwa nini? Mizani yenyewe haikuweka alama ya kufaulu. Sisi ndio tunaoamua tufumbie macho lipi. Nasi hufumba pale pale aliposimama mgonjwa.

Chukua mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2023 na vyama viwili vya wataalamu wa tumbo na utumbo. Prukalopridi imependekezwa kwa nguvu; sanamaki, dawa ya bei nafuu waliyoijua mababu zetu, imependekezwa kwa masharti. Kwa upande wa ushahidi, sina la kubisha. Lakini nguvu ya ushahidi haijazi mfuko wa mgonjwa. Mwongozo huo ukiletwa kwetu kama ulivyo, tabibu wa zahanati ataandika nini?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nasema mwongozo usiowauliza wanaokilalia, wala usiojali kama dawa inanunulika, usiitwe bora hata ukipata 7 katika mengine yote. Yule bibi alinipima kwa maneno machache tu, nami nikaanguka.