Mtoto Asiyetaka Kupeleka Maziwa

Kijijini kwetu Kibosho, zama zile tulipokuwa tukienda shule miguu mitupu, palikuwa na binti wa jirani ambaye kila jioni, alipokabidhiwa kibuyu cha maziwa akipeleke nyumba ya pili, ng'ambo ya mfereji, alisimama mlangoni akijikuna kifundo cha mguu mmoja kwa kidole cha mguu wa pili, akidai kwamba tumbo linamuuma. Mama yake, mwanamke mwema na mcha Mungu, alimwita mvivu; sisi watoto wenzake tulimtania; na siku moja fimbo ikatumika, naye akakibeba kibuyu akashika njia ya migombani huku akilia. Hakuna aliyemwuliza ni nani anayeyapokea maziwa hayo. Jawabu tulilipata baada ya miaka mingi, na mpokeaji amekwisha kuzikwa kwa taadhima.

Aghalabu tuzungumzapo usalama wa watoto hapa Moshi, fikira zetu hukimbilia stendi ya mabasi, Soko la Mbuyuni na vijana wa bodaboda, kana kwamba shari sharti ije na sura ngeni. Kumbe yaweza kuja na sura tuijuayo, kama ya mpokeaji yule wa maziwa, na ikafunikwa na ukimya. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa 2011 ulibainisha kwamba takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walidhulumiwa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba kiasi cha nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote.

Ukimya huo, kwa rai yangu, tumeufundisha wenyewe. Mtoto wa mlimani, sawa na mwenziwe wa Pwani, hujua kuamkia kabla hajajua kuhesabu, na hilo ni jema. Ila tumeichanganya heshima na utii usio na mpaka, hata mtoto akaamini kwamba kumkatalia mtu mzima ni utovu wa adabu, hata iwapo anachotakiwa ni mwili wake mwenyewe. Afunzwe, basi, na afunzwe mapema, kwamba mwili wake ni amana yake. Kwamba hofu ikimwingia moyoni ana ruhusa ya kusema hapana, kupiga ukelele, na kukimbilia penye watu. Kwamba siri afichwayo mama si siri ya kutunzwa. Na kwamba akisema asisadikiwe, amwendee shangazi, kisha mwalimu, asikome mpaka apate mwenye kumsikiliza.

Lakini mafunzo hayo yatakuwa bure maadamu masikio yetu yameziba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 95, imemwajibisha kila mwanajamii ajuaye kwamba haki ya mtoto inavunjwa kutoa habari kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Na simu ya namba 116 hupigwa bila malipo. Njia zipo, ila sisi twapendelea njia ya mkato. Kwetu lipo jani la isale, ambalo mkosaji hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba radhi, na wala sina neno baya juu ya mila hiyo, kwani imezuia damu nyingi isimwagike. Lakini likija jambo la mtoto, isale hupelekwa kwa baba, mbuzi huchinjwa, wazee huketi na pombe yao ya mbege, na mtoto, ambaye ndiye hasa aliyekosewa, hutumwa akalete kata.

Desemba iliyopita, nyumba zilipojaa jamaa waliotoka Dar es Salaam kwa Krismasi, ndugu yangu mmoja alimfungulia mikono mjukuu wangu wa miaka sita, akitaka kukumbatiwa. Mtoto akasimama hatua tatu mbele yake, mikono nyuma, akasema, "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona huji?"

Hakusogea. Nami, mwandishi wa maneno haya yote, nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa nimwamrishe aende, pale mke wangu, bila kuinua macho kwenye ndizi alizokuwa akizimenya, aliponitangulia kusema:

"Amekwisha kukuamkia, shemeji. Yatosha."