Ukuta Mmoja, Nyumba Mbili



Wasomaji wetu, kina mama na kina baba, tulipokea barua ya mama mmoja wa hapa Mombasa ambaye jina lake na mtaa wake tutavisitiri. Mumewe aliporejea kutoka Ghuba, alikofanya kazi miaka mingi, alikigeuza chumba cha nyuma kuwa chumba cha sinema: televisheni pana, spika tano, na ile kubwa ya besi inayokaa sakafuni. Watoto walifurahi, na baba alifurahi zaidi kwa kuwa vijana wake hawazururi tena usiku. Lakini ukuta wa chumba hicho ndio ukuta wa chumba cha kulala cha bibi jirani, ajuza aliyepindukia miaka sabini na tano. "Sheikh wetu," ameandika, "miaka ishirini na mbili sahani imekuwa ikivuka baina ya nyumba zetu. Tangu mwezi wa Maulidi niliyoipeleka haijarudi, na Ramadhani imepita hivyo hivyo."

Wako watakaotuuliza kwanza ni nini kinachotazamwa humo. Swali hilo lina siku yake. Leo tunazungumzia sauti, kwa sababu hata darsa njema ikipenya kwenye ukuta saa tano ya usiku humkosesha mgonjwa usingizi wake.

Mume hakuwa mtu wa kupuuza. Alipolalamikiwa alinunua sponji nyeusi zenye vilimalima, akaongeza trei za mayai, akazibandika kuta zote mpaka chumba kikafanana na pango. Kisha, akiamini kuwa sasa yu salama, akaongeza sauti. Hapo ndipo bibi alipoacha kuitikia salamu.

Sisi si watu wa ujenzi. Tulimwomba fundi mmoja anayefunga vipaza sauti misikitini atufuate, tukaenda baada ya swala ya Alasiri. Alipoziona trei alicheka, kisha akatueleza jambo ambalo tunaona kila mwenye nyumba alijue. Kutuliza sauti ndani ya chumba ni kazi moja, na kuizuia isitoke ni kazi nyingine kabisa. Kinachofaa kwa hii mara nyingi hakifai kwa ile.

Kazi ya kwanza ina historia yake. Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo maneno ya mwalimu hayakusikika sawasawa, kwa sababu kila neno lilibaki likivuma kwa sekunde kadhaa na kulifunika lililofuata. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuutengeneza. Usiku baada ya usiku aliingiza humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akipima mvumo unapungua kiasi gani kila mito ilipoongezwa. Akatambua kuwa urefu wa mvumo hutegemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu laini vinavyoimeza sauti. Tuliposikia hayo tulikumbuka madrasa yetu ya zamani, kuta tupu za saruji na bati juu, watoto hamsini wakisoma kwa pamoja. Hatukujua kuwa mikeka tuliyotandika ilikuwa ikitusaidia masikio pia.

Basi sponji ya bwana huyu ilikuwa ikimeza sauti nyembamba ndani ya chumba chake, na kumwachia bibi ile nzito. Sauti ya besi, ile ya mizinga na ngurumo, ina wimbi ambalo urefu wake waweza kupita mita nane. Sponji ya sentimita tano ni kitu gani mbele yake? Besi hutikisa ukuta wenyewe, na ukuta hugeuka spika upande wa pili.

Kinachoizuia sauti ni uzito na uzibaji. Wazee wetu waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa waliweka kuta nene sana. Nyumba za siku hizi hugawanywa kwa tofali jembamba, tena pengine lenye uwazi ndani. Na kuongeza uzito peke yake ni kazi ya gharama: ukiufanya ukuta kuwa mzito maradufu wapata desibeli tano au sita tu, ilhali sikio huhisi sauti imepungua nusu zinapopungua kama kumi.

Fundi akatuomba tuketi chumbani kwa bibi, yeye awashe spika kidogo kidogo. Bibi akatukaribisha kwa adabu yake yote, ila uso ulikuwa mkavu. Tulisikia besi kupitia ukutani, kama tulivyotazamia. Lakini maneno ya waigizaji yalitujia kutoka juu! Fundi alipopanda kwenye dari aliona kuwa ukuta uliishia usawa wa dari. Juu yake, chini ya paa, palikuwa wazi baina ya nyumba mbili. Tena soketi mbili za umeme zilitazamana, moja huku moja kule, tundu likipita moja kwa moja. Miezi yote ile fedha ziliwekwa kwenye sponji, na sauti ikipita mlangoni kwake yenyewe.

Mwanya wa juu ulijengwa kwa tofali na kupigwa lipu pande zote mbili. Soketi ya chumba cha sinema ilihamishwa na tundu likazibwa. Kisha likajengwa fremu la mbao lisilougusa ukuta wa zamani hata kwa msumari mmoja, likikalia ukanda wa mpira, ndani likajazwa pamba ya mwamba, mbele likafunikwa kwa mbao mbili za jipsamu, na kingo zote zikazibwa kwa gundi inayonyumbuka. Kutogusana huko ndiko siri yake, kwa kuwa mtikiso hauna daraja la kuvukia. Chumba kilipungua sentimita kumi na tano hivi. Mlango mwepesi wa plaiwudi ulibadilishwa kwa mzito, ukatiwa utepe wa mpira pembeni na chini.

Sponji tuliomba zitolewe zote. Februari 2003, katika ukumbi wa muziki huko West Warwick, Rhode Island, fataki ziliwasha sponji zilizobandikwa ukutani kwa ajili ya sauti, na watu 100 wakafa. Moshi wake ni sumu. Chumba kilichozibwa, chenye waya za umeme na watoto ndani, si mahali pake.

Mahali pa sponji, mama aliyetuandikia alishika kazi mwenyewe. Fremu za mbao zilizojazwa pamba ya mwamba kwa unene wa sentimita kumi alizivika kanga za pamba, kitambaa ambacho ukikipuliza pumzi hupita. Kuhusu pa kuzitundika, mtoto mmoja alipitisha kioo ukutani huku baba ameketi kitini pake. Kila alipoiona spika kiooni, hapo palitundikwa fremu. Zulia nene likatandikwa, na kabati la vitabu likasogezwa nyuma. Maneno yakawa wazi hata kwa sauti ndogo, wala hapakuwa na haja tena ya kuongeza. Hewa isisahauliwe: kwa joto na unyevu wa pwani yetu, chumba kisichopumua huota ukungu upesi.

Besi haikwisha, na fundi hakudanganya juu ya hilo. Ilipungua sana, lakini usiku ukitulia ilisikika kwa mbali. Ndipo bwana akakubali kuizima spika ile kila baada ya Isha.

Alhamisi iliyopita tulirudi kuketi kwa bibi na kusikiliza. Kimya. Alituandalia kahawa na kaimati, na sahani nyingine ya kaimati ilikuwa imefunikwa kando kwa kawa, ikingoja mtoto wa kuivusha. Tulipoinuka kuaga alitushika mkono. "Mwanangu," akasema, "niulizie hapo kwa jirani. Miezi yote hii nasikia bunduki tu. Yule mtu waliokuwa wakimfukuza, walimpata?"