Mlima hupimwa, haukisiwi

Mkulima katika milima ya Kivu hutazama shamba lake, husema: « Mteremko huu ni mdogo. » Jicho lamdanganya. Mvua ya nguvu inyeshapo, udongo mzuri hushuka mtoni, na mizizi ya maharagi hubaki wazi.

Afadhali apime. Si kazi ya mainjinia tu. Watoto wawili waiweza. Mmoja aweka chini, upande wa juu, ncha ya ufito ulionyoka wa metre 2. Mwenzake ainua ncha ya pili, upande wa bonde. Juu ya ufito hulazwa chupa yenye maji nusu. Maji yakilingana na ufito, ufito umelala sawa. Kisha hupimwa toka ncha iliyoinuliwa mpaka chini: kwa mfano, santimetre 50. Gawanya 50 kwa 200, zidisha kwa 100, utapata 25. Ndiyo kusema, katika metre 100 shamba lashuka metre 25. Je, huo ni mteremko mdogo?

Hapo matuta yasishuke pamoja na mlima, ingawa kulima hivyo ni rahisi kwa mgongo. Yapaswa kupita kwa kukingama, na matete yapandwe mistari mistari kuushika udongo. Na mzee akiwacheka watoto na chupa yao, wampimie shamba mbele ya macho yake.