Ziwa Geni Halianzwi kwa Ndoana

Kuna ushauri unaosambaa miongoni mwa vijana wenzangu wanaopenda kuvua siku za mapumziko: ukifika kwenye ziwa usilolijua, tupa ndoana. Usipopata kitu, sogea, tupa tena. Ziwa litakufundisha lenyewe. Ushauri huu unapendwa kwa sababu unatuondolea kazi ya kuuliza. Mimi nasema ni mbovu, na hasara yake haimwangukii anayeutoa.

Nimezaliwa Mwanza, na sasa niko Kigoma nikikusanya takwimu za shahada ya uzamili kuhusu uvuvi. Najua maana ya kuhama ziwa. Victoria ni sinia: hakuna ziwa pana kuliko hilo Afrika, lakini kina chake kikubwa kabisa ni takriban mita 80. Tanganyika ni kisima: kina kinafika karibu mita 1,470, na sehemu kubwa ya maji yake ya chini haina oksijeni kabisa. Anayedhani samaki wakubwa wamejificha huko chini atashusha mshipi mpaka uishe, mahali ambapo samaki hawezi kuishi.

Kifaa cha kupima kina kitakuonyesha namba. Hakitakuambia habari za mwezi. Wavuvi wa dagaa hapa hutoka usiku na taa, kwa kuwa gizani dagaa hupanda juu na kuufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda, taa inakosa nguvu na mitumbwi inapumzika mwaloni. Nimewasikia wasomi wa digrii mbili wakiitazama mitumbwi hiyo na kusema watu wa huku ni wavivu. Wangeuliza swali moja tu, aibu hiyo wangeikwepa.

Tena kuna kuhe. Kuhe dume na jike hulinda pamoja mayai na makinda yao, mara nyingi kwenye maji ya kina kifupi. Mzazi anayelinda hakimbii ovyo, humkabili anayekaribia. Mgeni akimnasa hapo atajipiga picha na kuamini ziwa limemkaribisha, huku nyuma yake makinda yamebaki bila mlinzi.

Najua jibu litakalokuja: ndoana moja haiui ziwa. Sawa. Lakini ninachokipinga ni kiburi cha kuanza kabla ya kujua, na kiburi hicho kikipewa ofisi na bajeti, sisi wa Mwanza tunajua kinafanya nini. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, sangara alipandikizwa Ziwa Victoria. Mwanabiolojia Geoffrey Fryer alionya kwa maandishi mwaka 1960. Hakusikilizwa. Sangara alipofurika miaka ya 1980, mamia ya aina za furu, samaki wadogo ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, walitoweka au wakabaki wachache mno. Uchafuzi wa maji nao ulichangia, na sikatai kwamba viwanda vya minofu vimelisha familia nyingi, zikiwemo za majirani zangu. Ila furu hawarudishwi kwa fedha za minofu.

Nanyi mnaosema samaki ni samaki tu, tazameni hili: migebuka wa Tanganyika ni wa jenasi moja na sangara. Hapa wamekua na ziwa lao kwa enzi na enzi, wakila na wakiliwa. Kule ndugu yao aliletwa kwa ndoo, akamaliza nyumba. Kilichotofautiana ni ziwa.

Sisemi wenyeji ni malaika. Kokoro na nyavu za matundu madogo hazivutwi na watalii. Muulize mwenyeji, kisha mpime, umbishie ikibidi. Lakini huwezi kumbishia mtu ambaye hujamsikiliza.

Kwa hiyo siku ya kwanza acha ndoana nyumbani. Nenda mwaloni alfajiri mitumbwi inaporudi. Angalia samaki gani wanashushwa, wana ukubwa gani, na wanawake wanaonunua wanawakataa wapi. Uliza upepo: miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki hulichafua ziwa hili, na mawimbi yake hayajali ulijifunza kuogelea wapi. Nenda kwa BMU uulize kibali, maeneo yaliyozuiwa na miezi ya kufungwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Familia zilizoishi kwa dagaa zilikaa miezi mitatu bila kuingia majini. Mtu anayefika baada ya hapo na kutupa ndoana popote, kwa sababu tu ana nafasi na nauli, anavua kilichotunzwa kwa njaa ya wengine.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ziwani mambo ni kinyume: mwenyeji ndiye anayemponya mgeni, na mara nyingi kwa sentensi moja tu, kama vile “leo usiingie.” Ukiambiwa hivyo, usiingie. Kaa umuulize kwa nini, na jibu lake uliandike daftarini kama unavyoandika maneno ya profesa wako.