Ujira wa Dalali Ujulikane Kabla ya Mlango Kufunguliwa

Mpangaji yeyote wa Dar es Salaam anaijua hesabu hii. Chumba na sebule kule Mbagala kikiwa cha shilingi 100,000 kwa mwezi, mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita, yaani 600,000. Dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja, 100,000 nyingine. Kabla ya kufika hapo, mpangaji ameshatoa hela ya kuonyeshwa, 10,000 huku na 10,000 kule, kwa vyumba ambavyo vingine vilikwisha kupata watu. Tumeizoea hali hii hata tunaiita utaratibu wa mjini. Lakini jambo haliwi haki kwa kuzoeleka tu, na nadhani wakati umefika wa kuuzungumza ujira wa dalali bila kupepesa macho.

Kwanza tumtendee haki dalali mwenyewe. Huyu ni mtu anayefanya kazi. Anajua nyumba ipi ina maji na ipi inanunua maji ya boza, mwenye nyumba yupi ana lugha nzuri na yupi hupandisha kodi kila Januari. Anatembea juani, analipa bodaboda, anamaliza vocha, na wateja kumi wakiangalia nyumba bila kuchukua, jioni anarudi mikono mitupu. Hana mshahara wala bima. Wanaomwita mwizi kabla hajafungua mdomo wanamkosea, na kusema kweli wengi wao hawangepata pa kulala bila yeye.

Tuangalie sasa ujira wenyewe ulivyotofautiana. Kwenye kupangisha, mazoea ya Dar es Salaam ni kodi ya mwezi mmoja. Kwenye kuuza viwanja pembezoni mwa jiji, madalali wengi hudai asilimia kumi. Nyumba kubwa inapouzwa, asilimia hushuka mpaka tano au tatu, maana mwenye mali ana sauti na ana mwanasheria. Kwenye fremu za biashara za Kariakoo kuna kilemba, yaani hela ya kuachiwa fremu, na dalali hukata chake humo humo. Juu ya yote haya kuna cha juu: mwenye kiwanja anasema anataka milioni nane, dalali anamwambia mnunuzi ni milioni kumi, na zile mbili hazitajwi popote.

Mahali nako kuna lake. Dalali wa Masaki akipangisha nyumba moja ya shilingi 3,000,000 kwa mwezi, amepata kile ambacho mwenzake wa Mbagala atakipata kwa kupangisha vyumba thelathini vya 100,000. Miguu ni ile ile na jua ni lile lile. Nchini Kenya hali ni nyingine: sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi ipo tangu 1984 na ina bodi ya kuwasajili, na wakala anayesimamia majengo hulipwa na mwenye nyumba kwa asilimia ya kodi anayokusanya kila mwezi. Huko Dubai, ambako ndugu zetu wengi wa Unguja na Bara wamekwenda kutafuta maisha, mazoea ni asilimia tano ya kodi ya mwaka kwa kupangisha na asilimia mbili kwa kuuza, na wakala lazima awe amesajiliwa.

Kutofautiana kwa malipo si kosa. Kila soko lina bei yake. Kosa letu ni namna tulivyoujenga ujira huu, na hapo ndipo ugomvi wote unapozaliwa. Dalali anapata kodi ya mwezi mmoja; basi kodi ikipanda, ujira wake nao unapanda. Anayemlipa ni mpangaji, yule yule anayetaka kodi ishuke. Tumemfanya mnyonge alipe mtu ambaye faida yake iko upande wa pili wa meza. Tena dalali hulipwa upya kila mpangaji anapohama, kwa hiyo mpangaji akikaa miaka mitano kwa amani dalali haambulii kitu. Na yule wa Mbagala, ambaye kodi ya mwezi mmoja haimtoshi kuendesha familia, anajikuta akitegemea hela ya kuonyesha. Akishaitegemea, kuonyesha kunakuwa ndiyo biashara, na kupangisha kunakuwa bahati. Mtu wa namna hiyo hatengenezwi na tabia mbaya peke yake. Malipo mabaya nayo humtengeneza.

Wapo watakaosema udalali ni kazi isiyotawalika. Hilo si kweli, kwa kuwa sisi wenyewe tumekwisha kuutawala kwingine. Dalali wa hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ana leseni, na ada yake haifiki hata asilimia mbili ya mauzo. Dalali wa bima yuko chini ya mamlaka ya bima. Dalali wa madini ana leseni yake, na tangu masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, biashara yake imesogezwa kwenye mizani iliyo wazi. Dalali wa mahakama ana kanuni za mwaka 2017 zinazoeleza sifa zake. Inakuwaje basi mtu anayeuza kipande cha hisa alindwe na kanuni, na mtu anayetafuta mahali pa kulaza watoto wake aachiwe mazoea ya kijiweni?

Wenzetu wa mbali nao walipita njia hii. Ujerumani iliamua kuanzia tarehe 1 Juni 2015 kwamba kwenye nyumba za kupanga, aliyemwagiza dalali ndiye amlipe. Uingereza ilipiga marufuku ada za mawakala kwa wapangaji kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Jiji la New York lilifuata kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 11 Juni 2025. Mahali tofauti, kodi tofauti, lakini kanuni ni moja: anayetuma ndiye alipe.

Najua hoja itakayorudishwa. Wenye nyumba watasema, tukimlipa sisi dalali, tutaiongeza hela hiyo kwenye kodi. Huenda baadhi wakafanya hivyo. Hata hivyo, mpangaji ataiona bei yote mara moja, ataweza kuilinganisha na ya nyumba ya jirani, na ataibeba kidogo kidogo badala ya kuikopa yote siku ya kuhamia. Mwenye nyumba naye ana nafasi ya kuchagua kati ya madalali na kupatana nao, nafasi ambayo mpangaji mwenye mizigo nje ya geti hana. Walimu wa dini walitufundisha zamani kwamba ujira utajwe kabla kazi haijaanza. Na wahenga wakaongeza: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi nawaomba haya. Ndugu zangu madalali, mwaka 2025 serikali iliitaja kazi yenu kati ya biashara zisizoruhusiwa kwa wasio raia. Hiyo ni amana mliyopewa. Jiungeni mtaa kwa mtaa, tajeni ada yenu mapema, andikeni risiti, na acheni hela ya kuonyesha na cha juu. Anayeaminika ataitwa tena na mpangaji yule yule, na ndugu zake, na wafanyakazi wenzake. Wenye nyumba, mlipeni mliyemtuma, wala msimwachie mpangaji deni lenu. Wapangaji, ulizeni ada kabla ya kupanda bodaboda, na msitoe shilingi kabla mkataba haujawekwa mezani. Wenyeviti wa serikali za mitaa, wekeni ofisini daftari la madalali wa mtaa wenu, lenye jina, picha na namba ya simu; halihitaji bajeti.

Nanyi waheshimiwa wabunge, tungeni sheria ya biashara ya milki itakayomsajili dalali wa nyumba kama alivyosajiliwa mwenzake wa bima na wa hisa, na itakayosema kwa maneno machache nani anamlipa, kiasi gani na lini. Sheria hiyo itamlinda mpangaji asidhulumiwe. Itamlinda zaidi dalali mwaminifu, ambaye leo analipa kwa heshima yake madeni ya matapeli waliojificha ndani ya kazi yake.