Maziwa ya Njiwa na Kalamu Nyekundu ya Mwalimu

Ndugu mwalimu-mwanafunzi, miaka kadhaa iliyopita tulitunga jaribio la Sayansi kwa darasa la nne katika shule moja ya msingi wilayani Temeke. Swali mojawapo liliuliza: makinda wa ndege hulishwa nini? Jibu tulilolitazamia, kwa kuwa ndilo tuliloliandika ubaoni, lilikuwa wadudu na nafaka. Mtoto mmoja akaandika kwamba makinda wa njiwa hupewa maziwa. Tulimwekea alama ya kosa. Aliposimama kujitetea wenzake walimcheka, na mmoja akauliza njiwa hukamuliwa saa ngapi. Nasi, yatupasa kukiri, tulicheka pamoja nao.

Mwaka uliofuata njiwa wawili walijenga kiota katika roshani ya nyumba tuliyopanga Kinondoni, nyuma ya ndoo mbovu. Jike alitaga yai moja jeupe, ikapita siku, akataga la pili. Tukaanza kuandika habari zao katika daftari, na kusema kweli hatukusukumwa na elimu. Mvua za masika zilikuwa zimetufungia ndani. Siku za mwanzo hatukuandika la maana. Baadaye tukatambua kuwa wana zamu: dume huatamia tangu kama saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na jike huatamia saa zilizobaki, usiku kucha. Siku ya 18 mayai yakaanguliwa.

Makinda walikuwa vipofu, wenye malaika machache ya manjano, wala hawakupendeza hata kidogo. Kinda hutia mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi, naye mzazi hutikisa shingo kama atapikaye. Siku ya tatu jike alishtushwa na kunguru akaruka ghafla, na mdomoni mwa kinda kikabaki kitu cheupe chenye unjano, mfano wa mtindi. Hapo tulimkumbuka mtoto yule.

Ndipo tukafungua vitabu. Njiwa, kama ndege wengi, ana mfuko chini ya shingo ambamo chakula hukaa kabla ya kushuka tumboni. Wakati wa kuatamia, kuta za mfuko huo hunenepa, kisha chembechembe zake huambuka na kuwa chakula cha makinda. Chakula hicho kina protini na mafuta tele, ila hakina sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe. Hata hivyo homoni iamrishayo kazi hiyo, prolaktini, ndiyo ile ile iamrishayo maziwa ya mama. Dume naye hukitoa kama jike. Heroe wa Ziwa Natron hulisha makinda wao kwa namna kama hiyo.

Mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilaumu mafunzo yaliyomfanya mtoto aamini kuwa maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa wasomi. Sisi tuliyasoma hayo chuoni, tukayajibia mtihani, tukafaulu. Kutojua habari za njiwa ni jambo la kusameheka. Lililo zito ni kwamba hatukumwuliza mtoto ameyaona wapi.

Wapo watakaosema kuwa darasa la watoto 80 haliwezi kuingia katika roshani moja. Ni kweli, wala si lazima. Mbagala, Tandika na Tandale wapo watoto wanaoishi na njiwa nyumbani. Wapangwe wawili wawili, wapeleleze kiota kimoja na kuandika mistari michache kila siku: nani ameketi, saa ngapi, macho yamefunguka lini, kinda amefikia ukubwa wa kibiriti au bado. Wasiwashike ndege, wasivuruge kinyesi kikavu, maana vumbi lake hudhuru mapafu, na wanawe mikono kwa sabuni. Somo la ubaoni lingoje hadi madaftari yarudi, hata kama azimio la kazi litachelewa majuma matatu. Twajua mkaguzi hatapenda.

Katika kiota chetu, siku ya 11, kunguru alichukua kinda mmoja. Ni kunguru wale wale ambao asili yao ni Bara Hindi, walioletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka. Mwenzetu mmoja alitushauri tuwafiche wanafunzi ukurasa huo. Hatukuuficha, na maswali mengi zaidi yalitoka hapo. Kinda wa pili aliruka siku ya 31.

Mtoto yule alikuwa amekwisha kufika darasa la tano. Tulimwita mbele ya wenzake wale wale, tukaifuta alama ya kosa. Hakuonyesha furaha kubwa. Alituuliza tu kama dume letu nalo tuliliona likilisha. Tukapekua daftari ukurasa kwa ukurasa, hatukuwa tumeandika.